Nusu ya Dirisha

Eljas, mume wangu, alikuwa amemwahidi Taavetti keekee yake. Taavetti angekuja kuichukua Jumapili baada ya ibada, kwa hiyo nilikuwa na Jumamosi moja tu ya kuiharibu ahadi hiyo.

Keekee yenyewe si kitu cha fahari. Ni chuma kilichopindwa mara mbili, kishikio cha mti kilichong'azwa na viganja, na meno mawili ya kutobolea barafu. Lakini hapa kwetu Savo, mwanamume akitoa keekee yake watu huanza kumsemesha kwa sauti ya chini, kama mgonjwa. Baba mkwe wangu alimkabidhi Eljas hiyo hiyo, na kabla majani hayajachipua tukamzika. Mimi si mtu wa kuamini mambo ya mikosi, lakini na macho ninayo.

Eljas ndiye aliyekuwa hana. Yalianza kufifia kiangazi, katikati kwanza. Daktari wa mjini alisema pembeni patabaki kidogo: ataona mwanga, ataona kivuli cha mtu, uso wa mtu hatauona tena. Tangu theluji ilipoanguka alikuwa amekaa kwenye kiti cha kubembea karibu na jiko, akisikiliza redio ikitaja hali ya hewa ya maziwa ambayo hakuwa na mpango wa kuyakanyaga. Mtu ambaye zamani hata homa haikumweka ndani. Nilimwogopea, nasema kweli. Nilikuwa nikiamka asubuhi nasikia kile kiti kinalia kwii, kwaa, nikajua hivyo ndivyo atakavyokwisha, taratibu, huku mimi nikimenya viazi.

Viazi nilikuwa navimenyea dirishani. Na kuhusu dirisha hilo lazima niseme jambo, maana lilitugombanisha tangu ujana wetu. Mimi si wa hapa. Kwetu ni Karjala, upande uliobaki ng'ambo ya mpaka vita vilipokwisha, na nyumba yetu kule ilikuwa na madirisha ya buluu. Nilipoolewa nilimwomba Eljas kitu kimoja tu, madirisha ya buluu kwenye ukuta mwekundu. Akakubali. Akayapaka yote, isipokuwa la jikoni. Hilo alilipaka jeupe, na kila mwaka barafu ilipoyeyuka alilirudia kwa rangi mpya, hata miaka ambayo kuta zenyewe zilikuwa zikibanduka kama ngozi ya kiazi. Nikimuuliza sababu ananijibu, "Ndivyo lilivyo." Ukweli niliumia. Jikoni ndiko ninakoshinda, na ndiko alikoninyima.

Basi Septemba, macho yake yalipokuwa hayatofautishi tena buluu na jeupe, nilichukua brashi nikalipaka buluu. Akaniuliza kutoka kwenye kiti chake, "Hiyo ni harufu ya nini?" Nikamwambia napaka viatu dawa.

Sasa turudi Jumamosi ile. Jua lilikuwa limetoka, jua la mwisho wa Februari linalorudi na nguvu, theluji inawaka mpaka dari la jikoni. Nikaweka kisu chini.

"Mzee, vaa. Twende ziwani."

"Nikafanye nini?"

"Ukavue. Nitakuwa macho yako."

"Macho yako yamezoea kutafuta makosa, Impi. Samaki yatawaona wapi?"

"Yamekaa na wewe miaka yote hii, kwa nini yasizoee makosa?"

Akacheka kidogo puani. Kiti kikalia. "Sitavua pa watu," akasema. "Heri nisivue kabisa."

"Basi nipeleke pako."

Hapo kiti kikanyamaza, nami nikajua nimekanyaga pagumu. Hapa mtu anaweza kukusimulia ugonjwa wake wa tumbo tangu mwanzo hadi mwisho mbele ya mchungaji, lakini hatakuambia anapovulia hauki. Huyo ndiye samaki wetu mkubwa, mrefu kama kuni, mdomo wa bata na meno ya mbwa, na hakai popote tu. Eljas alikuwa na mahali pake, alipoonyeshwa na baba yake, ambaye naye alionyeshwa na wake. Ili asifuatwe alikuwa akitoboa mashimo ya uongo kila upande wa ziwa na kuyawekea matawi ya msonobari kama vile ndiyo yenyewe. Taavetti, jirani yetu na rafiki yake tangu utoto, alipoteza nusu ya maisha yake akivua kwenye mashimo hayo. Na mimi, mke, sikuwahi kuuliza. Mtu haulizi. Nilijua tu kwamba anatoka asubuhi ananipa mgongo, anarudi jioni na samaki, na huko katikati ana siri ambayo mimi si wa kuambiwa.

"Baba alisema nimwonyeshe mwanangu wa kiume," akasema.

"Huna. Una binti, Sirpa, ambaye akiona samaki mwenye kichwa anakimbia, na una mimi."

"Ukimwambia Taavetti nitakufa."

"Kwa kukaa hapo utakufa hata nisipomwambia. Buti zako ziko jikoni zinapata joto."

Aligeuza uso wake kunielekea. Nadhani alikuwa akinitafuta kwenye ile pembe ya macho iliyobaki. "Na chambo?"

"Visamaki viko kwenye ndoo. Nilivitega tangu jana karibu na sauna."

"Jana," akasema. "Kabla hujaniuliza."

"Mtu akikungoja wewe uamue, barafu itayeyuka."

Nikamkalisha kwenye potkuri, kile kiti chetu chenye vyuma viwili virefu vya kuteleza, ambacho bibi kizee hukisukuma kwa mguu akienda dukani. Keekee nikamlazia mapajani, yeye akaikumbatia. Ndoo, mtaimbo, kiopoo, chupa ya kahawa na soseji vikafungwa mbele. Ziwa lilikuwa limeshika vizuri, theluji imegandamana juu yake, nami nikasukuma kuliko nilivyosukuma tangu Sirpa akiwa mdogo. Alikuwa mzito, mume wangu. Nilifurahia uzito huo.

Tulipofika mbali na mwambao akainua mkono. "Kisiwa cha Kondoo kiko wapi?"

"Mbele, mkono wa kulia."

"Mwisho wake kuna mwamba, umekaa peke yake. Nyuma ya mwamba, ng'ambo kabisa, kuna kanisa. Nenda kushoto mpaka mnara wa kanisa ukae juu ya mwamba kama kofia kichwani."

Nikaenda kushoto. Mnara ulikuwa ukitembea pole pole nyuma ya kisiwa, na mimi nilikuwa nimeuona mnara huo maisha yangu yote ya ndoa bila kujua kwamba unatembea. Ulipopanda juu ya mwamba nikasema, "Umekaa."

"Usiuachie. Twende hivyo hivyo mbele, kofia isianguke." Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtu anayefanya kazi. Tulikwenda. Kisha akasema, "Hiyo ni alama ya kwanza. Ya pili iko nyuma. Geuka utazame nyumbani."

Nikageuka. Nyumba yetu ilikuwa ndogo kama kibiriti, na mbele yake ufukweni sauna, kibanda chetu cha kuogea mvuke, nyeusi.

"Unaliona dirisha la jikoni?" akauliza. "Lile jeupe. Linatokeza kwenye pembe ya sauna. Likifichika lote, hujafika. Likitokea lote, umepita. Nusu ya dirisha, hapo ndipo penyewe. Chini yake kuna ukingo, kina kinaporomoka, na hauki wanakaa kwenye ukingo huo kama wanawake kwenye benchi la sauna."

Nilisimama. Nilitazama mpaka machozi ya baridi yakanitoka. Kulikuwa na kitu chekundu na kitu cheusi. Buluu, kwa mbali, kwenye ukuta mwekundu, haionekani kabisa. Niliipaka mwenyewe, mara mbili, ikashika vizuri sana.

Sijui niseme nini kilinipata kwanza. Nadhani hasira. Miaka yote ile ya "ndivyo lilivyo", na kumbe neno moja tu lingetosha. Halafu ile hasira ikapitwa na kitu kingine. Majira yote ya baridi niliyokaa nikimenya viazi, nikidhani mtu wangu amekwenda kunipa mgongo, alikuwa amesimama hapa amegeuka, ananitafuta. Hakuweza hata kutoboa barafu mpaka aone dirisha langu. Ningeinama kidogo tu pembeni, nikachungulia kupita pembe ya sauna, ningemwona, nukta nyeusi inayotazama nyumbani. Nilimpenda wakati ule kuliko siku tuliyofunga ndoa, na siku ile nilimpenda sana.

"Unaliona?" akauliza tena.

"Jua linaniumiza macho. Na nimesahau chumvi."

"Chumvi ya nini?"

"Ya soseji."

"Soseji ina chumvi, Impi."

"Haina ya kutosha."

"Nenda basi," akasema. "Usiniache hapa mpaka Pasaka."

Nikachomeka tawi la msonobari kwenye theluji nisipoteze mstari wa mnara, nikamwachia kahawa, nikaondoka. Nilikimbia, kama kile nilichokifanya kwa umri wangu na buti zile kinaweza kuitwa kukimbia.

Dirisha kulifungua sikuweza. Lilikuwa limezibwa kwa karatasi na gundi tangu Oktoba kuzuia baridi, kama yanavyozibwa kwa kila mtu mwenye akili. Nikatoa shuka la kitani kabatini, nikabeba benchi, nyundo na misumari, nikazunguka nje. Msumari wa kwanza niliupiga, rangi yangu ya buluu ikaruka vipande. Wa pili nilijipiga kidole. Wa tatu na wa nne niliipigilia huku nikimsema Eljas, na baba yake, na baba wa baba yake, ukoo mzima wa watu wasioweza kufungua midomo. Shuka likakaa, jeupe, limefunika fremu yote. Nikarudi mbio.

Kwa mbali nikaona watu wawili kwenye barafu badala ya mmoja. Taavetti alikuwa amekwisha kunusa. Taavetti ni mtu mwema, hilo nalisema kabla ya yote, mjane mwenye pua ndefu, na pua hiyo huitanguliza kwenye mambo ya watu.

"Shemeji," akaniita hata sijafika, "huyu umemtupa? Nilidhani umechoka naye nikaja kumwokota."

"Ungempeleka wapi? Kwako hakuna hata kikombe kisafi."

"Ana kahawa yake. Ila hataki kuniambia anafanya nini hapa katikati ya ziwa amekaa kama askofu." Kisha akanikunjia macho. "Na kwenu siku hizi mnaanika shuka ukutani? Nimeliona nikija."

Nilihisi Eljas akigeuza kichwa.

"Leo Jumamosi," nikasema. "Watu wanaofua hufua leo. Wewe huwezi kujua."

"Kamba zimekwenda wapi?"

"Taavetti," akasema Eljas kwa upole, "kesho utakuja kuchukua keekee. Leo nenda kavue."

Taavetti akaondoka akicheka, lakini moyo wangu ulianguka. Ahadi ya kesho bado ilikuwapo. Eljas alikuwa amekuja kuaga, ndivyo nilivyoelewa, kutembelea mahali pake mara ya mwisho kama mtu anavyokwenda makaburini.

Nikashika potkuri bila neno. Mnara juu ya mwamba, tukaenda mbele. Nyuma yangu pembe ya sauna ilikuwa safi, nyeusi. Kisha ikaota uzi mweupe, uzi ukawa utepe. "Linatokea," nikasema. "Robo. Bado. Sasa nusu."

"Hapa?"

"Hapo ulipo."

Akashuka, akapapasa barafu kwa buti, akaanza kutoboa. Huko hakuhitaji macho. Kifua juu ya kishikio, mkono unazunguka, unga wa barafu unapanda. Lakini miezi ya kitini ilikuwa imemla, na shimo la pili likamkata pumzi. "Shika," akasema, akanipa. Sikuwahi kutoboa kwa keekee ile. Nikaisukuma kwa nguvu ikakwama.

"Usiisukume, mama. Siyo unga wa mkate. Iache ijilie yenyewe, wewe izungushe tu."

"Meno yake mabovu."

"Meno yake mazuri. Wewe una haraka."

Nikaiacha ijilie yenyewe. Ikaenda, krr, krr, mpaka ikazama ghafla na maji meusi yakapanda. Nilifurahi kama mtoto, na nikahakikisha sionekani.

Tukatega mishipi yetu. Kila mshipi na ndoana yake chini ya waya, maana hauki hukata uzi kwa meno, na kisamaki hai kilichotungwa mgongoni kwenye ndoana. Juu ya shimo kijiti chenye panda, mshipi umebanwa ndani yake. Hauki akivuta, mshipi unachomoka na kijiti kinaanguka. Mmoja Eljas aliuacha bila kijiti, akaushika kidoleni. Tukakaa, yeye kwenye kiti na mimi juu ya ndoo iliyopinduliwa, tukala soseji. Alichukua chumvi akainyunyiza, ijapokuwa haikuhitajika.

Muda ulipita. Hakuna kijiti kilichoanguka. Nilizunguka nikiondoa utando wa barafu kwenye mashimo kwa kijiko kikubwa, nikirudi kila mara nikimtazama usoni. Ile sauti ya kazi ilikuwa imemtoka.

"Labda wamehama," akasema. "Au dirisha limekwenda pembeni."

"Dirisha liko pale pale."

"Ndiyo," akasema. "Nafikiri liko pale pale." Akavuta kofia masikioni. "Si neno. Nimefurahi umepaona. Nilikuwa nalala nikiwaza kwamba nitakufa napo."

"Acha kufa kwanza."

Akafungua mdomo anijibu, kisha akaufunga. Kidole chake kilikuwa kimeinuka. Mshipi ulikuwa ukipita juu yake, polepole, kama mtu anayevuta uzi kwenye sindano.

"Mvute," nikasema.

"La. Amemshika ubavuni. Lazima amgeuze, aanze na kichwa, ndipo ameze. Sema Baba Yetu."

"Nini?"

"Baba alikuwa akisema Baba Yetu mpaka 'mkate wetu', ndipo anavuta. Mimi nina kazi ya mkono. Sema wewe."

Nikaanza. Baba yetu uliye mbinguni, nikapita jina na ufalme kama moto.

"Usiisome kama mtangazaji wa redio," akanong'ona. "Mungu ana nafasi na hauki naye ana nafasi."

Nikapunguza mwendo. Mapenzi yako yatimizwe. Mshipi ulisimama, ukatetemeka, ukaanza tena, safari hii kwa nguvu. Hapa duniani kama huko mbinguni. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye theluji bila kujua, na nilikuwa naomba kweli. Sikuwa naomba samaki. Utupe leo mkate wetu.

Eljas akavuta.

Mabega yake yalikwenda mbele kama mtu aliyesukumwa. Kisha akacheka, cheko ambalo sikulisikia tangu kiangazi. Alivuta, akaachia, akavuta, mshipi ukirundikana magotini, uso wake umeinuliwa juu, maana hakuwa na haja ya kutazama. "Huyu si mdogo," akasema. "Impi, huyu ni mama mkwe wao."

Kichwa kilipofika chini ya shimo hakikuingia. Kilikaa pale, kipana, jicho moja la njano likinitazama kutoka kwenye maji.

"Shimo dogo," nikasema. "Kichwa kimeziba."

"Mtaimbo. Panua upande wako, usinikatie mshipi. Nitamshusha kidogo, nikisema piga, piga."

"Piga," akasema, nikapiga. Barafu ilivunjika vipande, maji yakanilowesha mpaka viwiko. "Piga." Nikapiga tena. "Sasa kiopoo." Nikalala kifudifudi kwenye maji yale, mwanamke wa heshima, mshiriki wa kwaya ya kanisa, nikatia kiopoo chini ya shavu la yule samaki nikavuta na roho yangu yote. Alitoka, akaendelea kutoka, sikujua mwisho wake uko wapi. Akaanguka juu ya theluji akipiga mkia, madoa ya njano ubavuni. Nikamkalia.

"Amekwenda?" akauliza Eljas. Alikuwa amesimama mikono wazi.

"Nimemkalia."

Alikuja kwa magoti, akapapasa: buti yangu, sketi yangu iliyoanza kuganda, kisha samaki. Alimpima kwa shubiri kutoka mkiani hadi mdomoni, akapita juu ya paja langu bila kusimama, akahesabu na hilo pia. Tulicheka mpaka Taavetti, huko mbali kwenye shimo la uongo, akasimama kututazama.

Jua lilipoanza kuelekea misituni tukarudi. Hauki alilala mapajani mwa Eljas pamoja na keekee. Mimi nilisukuma, nguo zinagonga kama mbao. Shuka lilikuwa mbele yetu, likikua.

"Impi," akasema bila kugeuka. "Rangi ya buluu inashika kwenye baridi?"

Nikasimamisha potkuri.

"Dawa ya viatu gani," akaendelea, "inanuka siku nne?"

"Ulijua."

"Mimi ni kipofu, sijafa pua."

"Na leo ukaniambia nitafute dirisha jeupe. Ukijua halipo."

"Sikujua kama utaniambia turudi nyumbani." Alikuwa akimpapasa hauki kichwani kama paka. "Tangu vuli nawaza, dirisha limekwenda, macho yamekwenda, basi na ziwa limekwenda. Leo ukasema macho yako ndiyo yangu. Nikataka nione yatafanyaje. Kisha ukasahau chumvi. Wewe, ambaye hujawahi kusahau hata kosa langu moja."

Nilisema mengi hapo, hayahusu watu. Mwishowe nikamwambia theluji ikiyeyuka nitalipaka jeupe, basi, na aache kunicheka.

"Liache buluu," akasema. "Dirisha lilikuwa la kunionyesha ulipo. Sasa najua ulipo, unanipumulia kisogoni. Sukuma, baridi inanipata."

Nikasukuma. Nilikuwa nalia, na alisikia, na hakusema kitu, maana mtu wa Savo hujua pa kunyamaza hata kama hajui pa kusema.

Usiku ule, baada ya sauna, nilimkata hauki na kumfunga ndani ya unga wa rai, nafaka yetu ya mkate mweusi, pamoja na mafuta ya nguruwe, nikaacha mkate huo ndani ya jiko usiku kucha uive taratibu, kama tunavyofanya. Jumapili Taavetti alikuja baada ya ibada, kofia mkononi, amevaa tai. Alikula kipande, akala cha pili, akasifu, akauliza samaki huyu alitoka upande gani wa ziwa. Eljas akamwambia alitoka upande wa chini. Hatimaye Taavetti akakohoa akatazama mlangoni, ambako keekee ilikuwa imening'inia kwenye msumari wake.

"Basi," akasema, "ile keekee tuliyoongea."

"Ile haitoki," akasema Eljas.

"Uliniahidi, ndugu yangu."

"Nilikosea. Nilitoa kitu cha mtu." Akaelekeza kidevu upande wa jiko, nilipokuwa. "Ni ya Impi. Mwombe mwenyewe, lakini nakuambia mapema, ana haraka na hasikii, na anaisukuma mno. Itanichukua majira mengi ya baridi kumfundisha."

Taavetti alinitazama. Nikamwambia haitoki, na kama anataka kusaidia, aje tukaze misumari ya lile shuka, maana upande mmoja umeanza kulegea.